Dawa ya Deni ni Kulipa

Chukueni chupa ya plastiki iliyokwisha maji. Aliyeitengeneza amepata faida yake, aliyeijaza maji amepata yake, na mwenye duka hali kadhalika. Mnunuzi amekata kiu. Je, chupa yenyewe sasa ni ya nani? Kwa miaka mingi jibu la nchi yetu lilikuwa kwamba si ya mtu. Na mzigo usio na mwenyewe daima hutuliwa mabegani mwa mnyonge: mtaro wa Mukuru huziba, ng'ombe wa mfugaji hula plastiki, na mtoto wa Korogocho huvuta moshi wa jaa la Dandora.

Jaa hilo lilianza kutumika katikati ya miaka ya 1970. Mwaka 2001 lilitangazwa kuwa limejaa, lakini malori hayakukoma kumwaga. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) lilichapisha uchunguzi uliowahusu watoto 328 wa eneo hilo. Karibu nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubaliwa kimataifa. Hatudai kwamba sumu hiyo ilitoka katika vifungashio, kwa maana jaa hupokea uchafu wa kila aina. Tunachosema ni kwamba huko ndiko mali yetu isiyo na mwenyewe inakokwenda, na hao ndio wanaoilipia.

Sheria ilipoamka, ilianza na aliye karibu. Tarehe 28 Agosti 2017 marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza kutekelezwa, pamoja na adhabu ya faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha kati ya mwaka mmoja na miaka minne. Tuliiunga mkono marufuku hiyo na hatujutii. Lakini adhabu ile ile iliyomngoja mwenye kiwanda ilimngoja pia mama mboga aliyefungia sukumawiki katika mfuko. Kwa upande wa chupa, watengenezaji waliachiwa njia ya hiari, na mwaka 2018 wakaunda shirika lao, PETCO, la kugharimia ukusanyaji. Hiari ni jambo jema, ila deni halilipwi kwa hiari.

Ndiyo maana tuliipokea kwa furaha Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, na kanuni zake zilizofuata mwaka 2024. Sheria hiyo inamtwika kila mzalishaji wajibu juu ya bidhaa anayoiingiza sokoni hadi inapogeuka kuwa taka. Utaratibu wake si mgumu kuueleza. Mwenye kutengeneza au kuagiza bidhaa kutoka nje hujiandikisha kwa Halmashauri ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA). Kisha hutimiza wajibu wake peke yake, au hujiunga na wenzake katika shirika la wazalishaji na kulilipa ada. Kwa fedha hizo shirika hugharimia kukusanya, kuchambua na kuchakata upya.

Wako wanaosema kwamba ada hii ni kodi tu iliyovishwa nguo ya kijani. Tunaelewa hofu yao. Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulibeba ushuru wa mazingira, vijana wakajaa barabarani, damu ikamwagika, na mswada mzima ukaondolewa. Lakini vitu hivi viwili havifanani. Ushuru ukishaingia Hazina ya Serikali, hakuna sheria ya maumbile inayoulazimisha kuokota hata chupa moja. Ada ya mzalishaji ni gharama ya kutimiza wajibu unaopimika: umeingiza sokoni tani ngapi, na zimerudi ngapi?

Wengine husema kwamba mwishowe mnunuzi ndiye atakayelipa. Ni kweli kwamba sehemu ya gharama itaingia katika bei. Lakini mnunuzi huyo analipa hata leo, kwa kikohozi, kwa mafuriko, na kwa kodi za kaunti zisizozoa taka. Tofauti ni kwamba leo mzalishaji hana sababu ya kubadili lolote. Ada ikipangwa kwa uzito na kwa aina ya kifungashio, mwenye kutumia plastiki nyingi atalipa zaidi, naye atatafuta njia ya kupunguza. Vipakiti vya uchumi wa kadogo, vile vya sabuni na siagi vyenye tabaka mbili tatu zilizogandishwa pamoja, haviokotwi kwa sababu hakuna anayevinunua. Hivyo ndivyo vinavyostahili ada ya juu.

Na tusidhani kwamba sheria nzuri hujitekeleza. Ujerumani ilianza safari hii mwaka 1991, chini ya waziri wake wa mazingira Klaus Töpfer, ambaye baadaye aliishi nasi Nairobi akiiongoza UNEP kutoka mwaka 1998 hadi 2006. Kampuni zililipa ada na kupewa ruhusa ya kuchapa alama ya nukta ya kijani. Kufikia mwaka 1993 shirika lililosimamia fedha hizo lilikuwa ukingoni mwa kufilisika. Wananchi walikuwa wamerudisha vifungashio kuliko ilivyotarajiwa, ilhali kampuni nyingi zilichapa alama bila kulipa ada kamili. Ilibidi shirika liokolewe. Tangu mwaka 2019 nchi hiyo ina daftari la wazalishaji lililo wazi kwa umma, na asiyeandikishwa haruhusiwi kuuza. Hata taifa tajiri lenye utaratibu halikufua dafu mpaka lilipowasha taa.

Hapa ndipo penye hoja yetu. Mashirika ya wazalishaji huundwa na kuongozwa na wazalishaji wenyewe. Mwenye deni ndiye mshika daftari la deni. Hatumtuhumu yeyote kwa wizi. Tunasema tu kwamba historia ya nchi hii imetufundisha gharama ya fedha zinazohesabiwa chumbani, mlango umefungwa. Na anayetuambia kwamba hayo ni mashirika ya binafsi, hivyo hayatuhusu, asome Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na hata zilizo mikononi mwa mtu mwingine, iwapo zinahitajika ili kulinda haki yoyote. Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani kuitetea haki ya mazingira bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara au madhara. Silaha tunazo, kilichobaki ni kuzishika.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, daftari la wazalishaji wote walioandikishwa liwekwe wazi, ili mwananchi aone nani yumo na nani amejificha. Pili, kila shirika la wazalishaji litangaze kila mwaka ada lililopokea, tani lilizokusanya, na mahali fedha zilikotumika, kaunti kwa kaunti. Tatu, waokota taka wa Dandora na wa majaa mengine watambuliwe kama wafanyakazi. Hao ndio waliofanya kazi hii kabla sheria haijazaliwa, bila glavu wala bima, wakipunjwa kwenye mizani ya dalali. Itakuwa dhuluma kubwa ada zikilipia ofisi za Upper Hill na magari mapya, huku aliyeinama juani akibaki na shilingi zile zile.

Ndugu zetu wa makanisani, jambo hili haliwahitaji muwe wanasheria. Baada ya harambee au mkutano wa vijana, hesabuni chupa zilizobaki uwanjani na msome majina yaliyo juu yake. Kila jina ni la mdaiwa. Jumuiya ndogo ndogo, Umoja wa Akina Mama na kamati za haki na amani ziandike barua kwa NEMA na kwa wazalishaji hao, zikiuliza maswali mawili tu: mmeandikishwa? Mmelipa nini, na kimefanya kazi gani katika kaunti yetu? Wekeni nakala na mwandike tarehe. Jibu likija, lisomwe mbele ya watu. Lisipokuja, tuleteeni nakala hiyo, nasi tutajua mlango wa kubisha.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Nasi tunaongeza kwamba malipo yasiyo na risiti hayamalizi deni.