Nani Mdai, Nani Mdaiwa?



Mwezi uliopita, hapa Jambiani, karani mwenzetu aliitwa mbele ya mkubwa wake ajibu deni la shilingi 50,000. Alistaajabu, maana hakukopa. Yeye ndiye aliyekopesha. Lakini daftari lilikuwa la Kiingereza, na mwandishi wake aliandika "borrowed" mahali pa "lent". Neno moja likamgeuza mdai kuwa mdaiwa.

Hatuyaandiki haya kumcheka mwandishi yule. Kosa lake lina asili katika lugha yetu. Mvuvi humwambia jirani, "Niazime ngalawa yako," na kesho yake husema, "Nimeazima ngalawa kwa jirani." Atoaye na atwaaye wote huazima, na hapana anayekosa kuelewa, kwa kuwa maneno mengine ya sentensi hutuonyesha nani kampa nani.

Kiingereza hakifanyi hivyo. "Lend" ni tendo la mwenye mali: kitu chamtoka. "Borrow" ni tendo la mwenye haja: kitu chamjia. Kwa hiyo "lend me your pen" ni sawa, bali "borrow me your pen" haifai katika barua ya ofisi. Tena "lend" hufuatana na "to", na "borrow" hufuatana na "from". Mwenye kusahau na akumbuke kwamba "lend" ni ndugu wa "loan", yaani mkopo utolewao. Na "borrow", katika Kiingereza cha kale, lina nasaba na neno la dhamana, nayo dhamana huiweka yule anayetwaa.

Wala tusidhani kwamba lugha yetu ni maskini. Sisi tuna kuazima, kwa kitu kitakachorudi chenyewe, kama jembe au ngalawa. Na tuna kukopa, kwa kitu kitakachotumika na kulipwa mfano wake, kama fedha. Mwingereza hutumia "borrow" kwa yote mawili. Na katika fedha, kukopa na kukopesha havichanganyiki kamwe. Basi karani atafsiripo na ajiulize kwanza: mali imetoka kwa nani? Akiisha kujua, ndipo aandike.

Twashauri pia kwamba kila daftari la mikopo liwe na safu mbili, moja ya jina la aliyetoa na moja ya jina la aliyepokea, kila mmoja na sahihi yake. Hapo hata neno likikosewa, haki haitapotea.

Mwenzetu alisalimika kwa sababu mdaiwa wa kweli alikuwa mwungwana, akaja kukiri mwenyewe. Si kila mara itakuwa hivyo. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Ni dhuluma kumtia mtu matanga ya harusi asiyoihudhuria, kwa kalamu yetu tu.