Hiyo B Kwenye Gia ya Prius Si Urembo

Wadau, kila mtu mjini sasa anataka haibridi: Prius, Aqua, Fit, Note e-Power. Swali la kwanza huwa lita moja inakwenda kilometa ngapi, la pili betri inakufa lini. La tatu silisikii kabisa: likianza kuteremka mlima, nini kinalizuia?

Kwa mtu anayeishi Sinza na kufanya kazi Posta, swali hilo halina uzito. Lakini magari haya hayabaki Dar. Yatakwenda likizo ya Krismasi, yatakwenda msibani, yatafika Gehandu, iwe ile ya Mbulu au ile ya Hanang. Na Manyara kuna ukingo wa Bonde la Ufa. Mlima Magara kwenye barabara ya Mbulu, na ule wa kutoka Bashnet kushuka Dareda, haimsamehe dereva anayetegemea pedi za breki peke yake.

Haibridi ina breki za aina mbili. Ukiachia pedeli ya mafuta au ukigusa breki, mota ya umeme inageuka jenereta. Matairi yanaizungusha, gari linapunguza mwendo, umeme unaingia kwenye betri. Ukikanyaga zaidi, zinaingia breki za kawaida. Raha tupu, hadi betri ijae.

Tupige hesabu ya LUKU. Gari la kilo 1,400 likishuka mita 500 za kimo linatoa nguvu ya karibu uniti 1.9. Betri ya Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ni kama uniti 1.3 tu, na kompyuta haiiruhusu ijae yote wala iishe yote. Hata ukitoa zinazopotelea kwenye upepo na matairi, mlima mrefu na mkali una umeme mwingi kuliko nafasi iliyopo. Betri ikijaa, mzigo unahamia kwenye injini na pedi. Pedi zikichemka kupita kiasi, zinaishiwa nguvu. Waulizeni madereva wa malori wanaopita Kitonga.

Hapo ndipo B inapoingia. Kwenye Prius, B inaifanya injini ilibane gari, kama dereva wa zamani anayeshuka kwa gia nzito. Si ya kutembelea mjini, utapoteza mafuta bure. Mitsubishi Outlander PHEV, iliyoanza kuuzwa Japan mwaka 2013, ilikwenda mbali zaidi: vijiti viwili nyuma ya usukani vinakuwezesha kuchagua ukali wa kuzuia, kuanzia B0 hadi B5. Betri yake ya mwanzo ilikuwa ya uniti 12, kwa hiyo nafasi ipo, ili mradi hukuanza kushuka ikiwa imejaa pomoni.

Wapo watakaosema kompyuta inajua yenyewe. Ni kweli, betri ikijaa inaweza kuizungusha injini bila kuambiwa. Lakini haioni kona iliyo mbele, wala haijui mlima umebaki kilometa ngapi. Wewe unajua. Na wale wa kuweka N mteremkoni ili "kubana mafuta": kwenye Prius, ukiwa N betri haichaji kabisa. Umebaki na pedi tu.

Tatizo ni kwamba gari limetoka Japan, na kitabu chake, kama kipo, kimeandikwa Kijapani. Muuzaji anakuonyesha redio na kamera ya nyuma. Ile kanuni ya kushuka kwa gia uliyopandia tuliirithi kutoka magari ya gia za mkono, na kwenye Prius huna gia ya kuipangua.

Maoni yangu ni haya. Muuzaji akabidhi gari pamoja na karatasi moja ya Kiswahili inayoeleza B. Shule za udereva zilifundishe somo hili, na Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani ilipe hata nusu saa. Mtu anayelipa mamilioni ya shilingi ana haki ya kujua kila herufi kwenye gia yake, hasa ile itakayomfikisha chini salama na familia yake.

Naomba kuwasilisha.