Hadithi Moja Kila Usiku



Katika mitaa yetu, nyumba ambayo mzazi wake yuko safarini si jambo la ajabu. Baba yuko melini, au Nairobi, au Ghuba. Na siku hizi mara nyingi ni mama aliyekwenda Saudia au Qatar kutafuta riziki, na watoto wamebaki kwa bibi. Mzazi huyo kwa mwanawe ni sauti ya simu. Na sauti hiyo, tukisema kweli, huuliza mambo yale yale: umekula, umekwenda chuoni, umepata alama ngapi, haya mpe bibi simu. Juma hili tumeona tuwasimulie habari za mtu aliyelifikiri jambo hili kabla yetu, mshairi wa watoto na mwandishi wa magazeti, Gianni Rodari wa Italia.

Rodari alizaliwa tarehe 23 Oktoba 1920 katika mji mdogo wa Omegna, kando ya ziwa la Orta, kaskazini mwa Italia. Babake, Giuseppe, alikuwa mwokaji mikate. Siku moja ya mvua kubwa alitoka kwenda kumwokoa mtoto wa paka aliyekwama baina ya madimbwi, akarudi ameroa chapachapa, akasimama mbele ya tanuri lake akitetemeka kwa baridi. Baada ya siku saba alifariki kwa maradhi ya mapafu, kwani zama hizo penisilini ilikuwa bado haijawafikia watu. Hiyo ndiyo sura ya mwisho ya babake aliyobaki nayo Gianni maishani: mtu aliyeroa, mgongo wake umeelekea moto, na sababu yake ni huruma kwa mnyama mdogo.

Mama, Maddalena, aliwachukua wanawe akahamia mji wa Gavirate. Gianni alisoma kwa bidii, na alipofika umri wa miaka 17 alikuwa amekwisha kupata cheti cha ualimu. Miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa kuwafundisha Kiitalia watoto wa familia ya Mayahudi waliokimbia mateso Ujerumani, wakidhani kwamba Italia ingekuwa kimbilio lao. Haikuwa hivyo. Mwaka 1938 serikali ya Mussolini ilitunga sheria zake za ubaguzi, na wageni wale wakalazimika kutafuta nchi nyingine. Kisha vikaja vita. Nduguye, Cesare, alizuiliwa katika kambi ya Wajerumani, na Rodari mwenyewe akajiunga na wale waliopigana na utawala wa kidhalimu.

Vita vilipokwisha aliingia katika uandishi wa habari, na mwaka 1947 alikuwa Milano katika gazeti la l'Unità. Gazeti hilo lilikuwa la chama cha Kikomunisti, naye alikuwa mwanachama wake. Hatulifichi hilo, wala hatusemi kwamba twaafikiana naye katika kila alichokiamini. Lakini jema huokotwa popote linapopatikana, na jema lake twaliona hapa.

Wakubwa wa gazeti walimtaka aandike vitu vya kuchekesha kwa ajili ya ukurasa wa watoto. Kijana huyo, aliyezoea kuandika habari za migomo na za bei ya vyakula, akaanza kutunga vijishairi vyepesi vyenye vina. Mara barua zikaanza kumiminika. Akina mama walimwandikia wakiomba shairi kwa ajili ya mtoto fulani, mwenye hali fulani, aishiye mahali fulani. Naye akawatungia. Hivyo ndivyo alivyopata njia yake: aliombwa na akina mama, na hakuona haya kuwaitikia.

Yafaa tuangalie alichowatungia. Mashairi mengi ya watoto ya zama zile yalijaa malaika, maua na watoto wasiokosea kamwe. Rodari aliwatia ndani mwokaji mikate, mvuvi, fundi, msafiri wa treni ya daraja la tatu. Lipo shairi lake moja mashuhuri lihusulo harufu za kazi mbalimbali, na mtoto alisomaye huelewa kwamba harufu ya jasho la babake si jambo la kuonea aibu. Twajiuliza: mtoto wa mvuvi wa Kipini au wa mchukuzi wa bandarini Mombasa, ni wapi katika vitabu vyake hukutana na kazi ya babake ikitajwa kwa heshima?

Mwaka 1950 Rodari alihamia Roma kuendesha gazeti la watoto liitwalo Pioniere. Mwaka uliofuata alitoa hadithi ya Cipollino, kijana wa kitunguu ambaye babake alitiwa gerezani kwa kosa la kumkanyaga mguu Mwanamfalme Ndimu. Watoto walicheka, na huku wakicheka walijifunza dhuluma ni nini. Kitabu hicho kilitafsiriwa katika lugha nyingi, na kilipendwa mno katika Urusi ya zama za Sovieti.

Alioa mwaka 1953, na mwaka 1957 alijaaliwa binti, Paola. Kuanzia mwaka 1958 aliliandikia gazeti la Paese Sera, na kazi hiyo aliifanya hadi mwisho wa uhai wake. Hakuacha uandishi wa habari ili awe mshairi, wala hakuacha ushairi ili aonekane mtu mzima. Kazi moja iliilisha nyingine: gazeti lilimfunza kusema kwa ufupi na kwa ukweli, na watoto walimfunza kwamba msomaji akichoka huondoka bila ya kuaga.

Mwaka 1962 kikatoka kitabu ambacho kwacho tumeianza makala hii, Favole al telefono, yaani hadithi za kwenye simu. Mwanzo wake ni huu. Bwana Bianchi wa mji wa Varese ni mfanyabiashara wa dawa, na siku sita kati ya saba huzunguka Italia nzima. Anaye binti mdogo asiyepata usingizi mpaka asimuliwe hadithi. Mama amekwisha kuzirudia zote azijuazo, hata mara tatu. Basi kila usiku, saa tatu barabara, popote alipo, Bwana Bianchi hupiga simu nyumbani na kumsimulia bintiye hadithi moja. Hadithi zake ni fupi kwa sababu simu hulipwa kutoka mfukoni mwake. Biashara ikiwa nzuri huenda akarefusha kidogo. Na inasemwa kitabuni kwamba wale mabinti wa kuunganisha simu walisimamisha simu nyingine zote ili nao wasikilize.

Leo gharama ya simu imeshuka sana. Kilichokuwa ghali ni nafasi katika nyoyo zetu. Bwana Bianchi alikuwa na dakika chache tu, akampa mwanawe kilicho bora katika siku yake. Sisi tuna dakika nyingi, na aghalabu twampa mtoto makombo ya maneno.

Rodari aliwaandikia wazazi pia. Mwaka 1964, katika gazeti la wazazi ambalo baadaye alikuwa mhariri wake kwa miaka mingi, alichapisha makala ya kejeli akieleza njia tisa za kumfundisha mtoto kukichukia kitabu. Miongoni mwazo: mnyang'anye televisheni umpe kitabu badala yake, mwambie kwamba watoto wa zamani walisoma kuliko yeye, mlaumu yeye peke yake akiwa hapendi kusoma, kigeuze kitabu kuwa chombo cha mateso, kataa kumsomea, mwamrishe asome. Tulipoitafakari orodha hiyo tulijiona wenyewe, na hatudhani kwamba tuko peke yetu.

Mwaka 1970 alipewa tuzo ya Hans Christian Andersen, iliyo kubwa miongoni mwa tuzo za kimataifa za waandishi wa watoto. Miaka miwili baadaye alikaa siku kadhaa na walimu wa mji wa Reggio Emilia, wakizungumza namna ya kubuni hadithi pamoja na watoto; na kutokana na mazungumzo hayo akaandika kitabu chake kwa watu wazima, Grammatica della fantasia, kilichotoka mwaka 1973. Alifariki Roma tarehe 14 Aprili 1980, baada ya kufanyiwa upasuaji, akiwa na umri wa miaka 59.

Ndugu zetu, sisi si masikini wa hadithi. Bibi zetu walituketisha juu ya jamvi, wakasema paukwa, nasi tukaitikia pakawa. Na usiku haukuwa mrefu. Sungura tunaye, Abunuwasi tunaye, na visa vya wema waliotutangulia tunavyo. Kilichopungua ni msimulizi, na msimulizi si lazima awe karibu. Mama aliye Riyadh aweza kuanza kisa leo na kukimaliza kesho. Baba aliye melini aweza kumweleza mwanawe samaki aliyemwona alfajiri. Mtoto hatakumbuka ni mara ngapi aliulizwa alama zake. Atakumbuka sauti iliyomtafutia neno zuri kutoka mbali.

Basi usiku wa leo, mzazi uliye safarini, kabla hujasema "mpe bibi simu," mwambie mwanao: ngoja kidogo, nina hadithi. Nawe bibi uliyebaki naye, mwachie simu dakika tano zaidi, wala usimharakishe.

Mwenyezi Mungu awarudishe salama wote walio mbali, na awahifadhi watoto wanaowangoja. Wabillahi tawfiq.