Mnyama Hana Maneno, Lakini Anasema



Ndugu wazazi, siku hizi wako watu wanaodai kwamba binadamu anaweza kuzungumza na paka au mbwa wake kwa moyo tu, bila sauti wala ishara, na wengine hutoza fedha kwa ufundi huo. Sisi walimu wa madrasa hapa Magarama tunasema hivi: mnyama anaeleweka, lakini si kwa ramli.

Suratun-Naml, aya ya 16, inatueleza kuwa Nabii Suleiman (A.S.) alifundishwa lugha ya ndege. Hiyo ilikuwa neema ya Utume. Na katika hadithi aliyoipokea Abu Dawud, Mtume (S.A.W.) aliingia katika bustani ya mtu wa Ansari, akamkuta ngamia anatokwa na machozi. Akampapasa nyuma ya masikio mpaka akatulia, kisha akamkabili mwenye ngamia kwa kumshindisha njaa na kumchosha mnyama wake. Kuyajua malalamiko yale ni jambo la Mitume. Lakini kuyaona machozi, kusogea taratibu, kumtuliza mnyama na kumkumbusha mwenyewe, hayo hata sisi tunayaweza.

Wazee wa Burundi waliyaweza kabla yetu. Ng'ombe waliwapa majina, wakawaimbia, na mchungaji alimjua mgonjwa kabla hajalala chini. Elimu ya leo inawaunga mkono. Mwaka 2018 watafiti nchini Uingereza waliona kuwa mbuzi hupendelea kuisogelea picha ya uso unaotabasamu kuliko wa hasira. Mwaka 2020 wengine wa huko huko waliona kuwa ukimtazama paka na kufumba macho polepole, naye huelekea kukujibu hivyo hivyo.

Basi tuwafundishe watoto kusoma alama. Paka akilaza masikio na kupigapiga mkia, anasema niache. Kuku akijikunyata na kuvimbisha manyoya, huenda anaumwa. Mbuzi aliyejitenga na asiyecheua ana shida. Na mbwa kutikisa mkia si furaha kila mara: akikakamaa mwili na kukukazia macho, usimkaribie, usimkimbie, rudi nyuma polepole.

Hapa pana jambo la uhai na kifo. Shirika la Afya Duniani linasema takriban asilimia 99 ya watu wanaopata kichaa cha mbwa huambukizwa na mbwa, na kati ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishajitokeza, karibu kila mgonjwa hufa. Mtoto anayerusha mawe huumwa, kisha huficha jeraha kwa kuogopa fimbo ya nyumbani. Kuficha huko ndiko kunakoua.

Wako wanaosema mbwa ni najisi, kwa hiyo apigwe. Hapana! Najisi ya mate si ruhusa ya mawe. Katika Bukhari na Muslim imo habari ya mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, na Mwenyezi Mungu akamsamehe.

Tena tusichanganye mambo mawili. Kuosha mara saba, moja kwa udongo, ni hukumu ya twahara ya vyombo. Jeraha halitiwi udongo! Lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtoto apelekwe hospitali siku ile ile apate chanjo, hata kama jeraha ni dogo.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi mambo matatu. Kwanza, mtoto akisema ameumwa, asipigwe. Pili, mwenye mbwa amchanje. Tatu, kila mtoto apewe mnyama mmoja wa nyumbani wa kumwangalia, awe kuku au paka, na jioni aulizwe: leo amekula? Ametulia? Mtume (S.A.W.) alimuuliza mtoto, Abu Umayr, habari za kindege chake. Sisi ni nani hata tuone swali hilo ni dogo?

Mtoto anayemsikia asiye na maneno, kesho atamsikia mdogo wake, mama yake na jirani yake.

Wabillahi tawfiq.