Mdomo wa Komba ni wa Nani?

Najua niliahidi kumalizia makala ya hifadhidata, lakini leo naiweka kando. Kuna jambo linanikera tangu Jumamosi, nalo linahusu katuni. Vumilieni kidogo, kompyuta zimo pia.

Hapa Kinoo mvua ilinyesha mchana kutwa, matope yakatufungia ndani. Binti yangu wa miaka saba akachagua Vivo, ile filamu ya katuni ya Sony iliyotoka mwaka 2021. Kama hujaiona, kisa ni hiki. Mnyama mdogo mwenye mkia mrefu anaishi Havana, Kuba, pamoja na mzee mwanamuziki aitwaye Andrés. Wanapiga muziki hadharani na kujipatia riziki. Zamani mzee alimtungia wimbo wa mapenzi mwimbaji Marta, lakini hakuwahi kumpa, na Marta akaenda zake Marekani. Mzee anafariki kabla hajaufikisha wimbo huo, na mnyama anafunga safari hadi Miami kuupeleka, akisaidiwa na msichana mtundu aitwaye Gabi. Nyimbo ni za Lin-Manuel Miranda, ambaye pia ndiye sauti ya Vivo.

Mnyama mwenyewe ni kinkajou, ambaye kwetu hayupo. Binti yangu akamwita komba, nami sikumsahihisha. Macho yale na mkia ule, komba kabisa!

Ilipokwisha akaniuliza, "Baba, huyu komba hawezi kuimba Kiswahili?"

"Anaweza," nikamjibu. "Nitakutafsiria wimbo mmoja leo jioni."

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Mimi ni mwandishi wa programu. Kutafsiri kwangu ni kufungua faili ya maneno, kuweka "Hifadhi" hapa, "Ghairi" pale, kisha kuangalia kama neno limeenea kwenye kitufe. Watu wetu wameifanya kazi hiyo kwa muda mrefu; Jambo OpenOffice ya Dar es Salaam ilitoka mwaka 2004 na ilinipa moyo sana. Basi nikadhani wimbo nao ni faili ya maneno tu.

Binti yangu alijaribu kuimba tafsiri yangu, akaishia katikati ya mstari. "Baba, maneno yamejaa." Nyanya yake, aliyekuwa akimenya viazi, alicheka mpaka akaweka kisu chini.

Alikuwa na haki ya kucheka. Kumwambia mtu unampenda kwa Kiingereza ni silabi tatu. Kwetu "nakupenda" ni nne, na "ninakupenda" ni tano. Ukikata maneno mpaka hesabu ikubali, unakutana na mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila mara. Muziki ukigonga silabi ya mwisho, "moyo" inageuka kitu kingine kabisa. Umewahi kuwa kanisani ukajikuta unavuta silabi isiyovutwa, katika wimbo uliotafsiriwa zamani? Basi unajua ninachosema. Halafu kuna mdomo wenyewe. Mnyama akifumba midomo kwa herufi kama m, b au p, nawe umeweka neno lililo wazi, hata mtoto anaona kuna kasoro.

Nikafanya kile ambacho mwandishi wa programu hufanya akishindwa: nikaandika programu. Kuhesabu silabi za Kiswahili ni rahisi kuliko za Kiingereza, kwa sababu tunaandika tunavyotamka. Hesabu irabu, umemaliza. Nilidhani hivyo mpaka nikafika kwenye "mtu". Irabu moja, silabi mbili. "Nchi" pia. Halafu "mbwa" ni mbili, ilhali katika "mbali" ile m haijitegemei. Nikaongeza sheria, nikaongeza na orodha ya maneno yasiyotii sheria, na saa nne usiku ikawa inafanya kazi vizuri.

Nikajiona mvumbuzi. Kumbe niliyokuwa nahesabu ni mizani! Watunzi wa pwani wamezihesabu kwa karne nyingi bila umeme: mizani nane katika kipande cha utenzi, kumi na sita katika mshororo wa shairi lililozoeleka. Tulifundishwa haya shuleni, tukayakariri kwa ajili ya mtihani, tukayaacha kwenye chumba cha mtihani.

Sasa maoni yangu. Watu wengi husema tatizo ni kwamba hatuna watu wa kuchora. Si kweli. Tinga Tinga Tales, iliyoanza kuonyeshwa na BBC mwaka 2010, ilichorwa hapa Nairobi katika studio ya Homeboyz, kwa mtindo wa michoro ulioanzishwa na Mtanzania Edward Saidi Tingatinga. Ni wanyama wetu na hadithi za Kiafrika, na wimbo wa utangulizi ni wa Eric Wainaina. Lakini toleo la BBC lilikuwa la Kiingereza, na tembo wake alizungumza kwa sauti ya Mwingereza Lenny Henry. Mkono ulikuwa wetu, mdomo haukuwa wetu.

Hilo lina sababu ya kiufundi. Katika katuni, kwa kawaida sauti hurekodiwa kwanza, kisha mdomo huchorwa kuifuata. Anayefika kwanza kwenye maikrofoni ndiye mwenye mdomo wa mnyama. Wote wanaokuja baadaye wanabanwa katika nafasi aliyoacha yeye, kama mimi Jumamosi. Ndiyo maana sipigi kelele sana ya kuomba filamu za nje zitiwe sauti za Kiswahili. Zikitiwa, vizuri, nitanunua. Ninachotaka hasa ni wimbo uanze kwa Kiswahili, na wachoraji waufuate.

Inawezekana? Ubongo Kids ya Dar es Salaam ilianza mwaka 2014 kwa Kiswahili, ikifundisha hesabu kwa nyimbo, na baadaye ndipo ikaenda kwa lugha nyingine. Hao walishika maikrofoni kwanza.

Najua nitaambiwa watoto wa Kinoo wanajua Kiingereza, na Sheng ndiyo lugha yao ya barabarani. Ni kweli. Binti yangu anaelewa kila neno la Vivo. Lakini kuelewa si kuimba mbele ya nyanya yako naye akakuitikia. Nyimbo zile huishia sebuleni. Jikoni hazifiki, kwa sababu nyanya hana pa kuingilia.

Kwa hiyo, enyi wenye studio: mwiteni mtunzi siku ya kwanza, kabla ya mchoraji, na mlipeni kama mnavyotulipa sisi wa programu. Msimwite wiki ya mwisho kuja kujaza nafasi. Nasi waandishi wa programu tutengeneze zana ndogondogo za kumsaidia. Yangu ya mizani nitaiweka hapa bure nikishaisafisha.

Katika filamu, karatasi ya wimbo inaharibiwa na maji njiani. Wimbo unapona kwa sababu komba anakumbuka muziki na Gabi anakumbuka maneno. Sisi tunao wanaokumbuka, ila hawatadumu milele. Jumapili niliitupa tafsiri yangu. Nyanya akatunga maneno mapya kabisa juu ya komba anayepanda matatu ya Waiyaki Way, na binti yangu ameyashika tayari. Nimeyapitisha kwenye programu. Mstari mmoja umezidi mizani moja, lakini nyanya amekataa kuubadilisha.

Wewe unaonaje? Niandikie.