Kabla ya Kumwaga Dawa, Mjue Anayekula

Wasee, hii kitu imenikaa kooni na leo naitema. Kila nikifungua simu ni video ile ile: mtu ana tangi la maji ya chumvi sebuleni, matumbawe yake yameanza kuwa meupe, basi anashika chupa ya dawa na kumwaga yote. Komenti ni moto tupu. Wiki mbili baadaye anarudi na sura ya matanga: "Kila kitu kimekufa, sijui kwa nini."

Mimi najua kwa nini. Uliua kabla ya kuuliza.

Mtaniambia, "Wewe wa Kegonga, bahari iko ule upande mwingine wa nchi, unajua nini?" Sawa. Lakini huku tunalima mahindi. Viwavijeshi kutoka Amerika walipoingia Kenya 2017, watu walipuliza dawa yoyote waliyoipata dukani, saa yoyote. Kiwavi amejificha katikati ya majani, dawa inapita juu, anayekufa ni nyigu aliyekuwa akimwinda. Hilo somo tumelilipia. Sasa mnalirudia ndani ya kioo.

Kwanza, si kila tumbawe jeupe limeliwa. Mwaka 1998 matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka na kufa kwa joto la bahari. Hapo ungemwagia nani dawa? Pima joto na chumvi ya maji yako kabla ya kutafuta mshukiwa.

Pili, mshukiwa wenu mkuu huwa hana hatia. Unawasha tochi usiku, unamkuta mnyoo wa manyoya juu ya tumbawe linalooza, unapiga kelele "nimemshika!" Mara nyingi huyo ni mfagiaji tu, anakula kilichokwisha kufa. Ni kama kumkamata aliyekuja matanga ukadai ndiye aliyeua.

Muuaji wa kweli haonekani kirahisi. Kuna mnyoo bapa anayekula matumbawe ya Acropora, na rangi yake inafanana na nyama ya tumbawe lenyewe. Utakachoona ni alama za duara alipouma, na mayai ya kahawia yamebandikwa kwenye mfupa mtupu, chini ya tawi. Pulizia maji kwa nguvu hapo, utamwona akidondoka. Kwa Montipora kuna koa mweupe wa milimita chache, anajificha upande wa chini usiko na mwanga.

Na hapa ndipo chupa yenu inaposhindwa kabisa. Ukichovya tumbawe kwenye dawa, wakubwa wanakufa, mayai yanabaki. Kwa hivyo ni kazi ya mikono: toa tumbawe, lichovye kwenye ndoo ya pembeni, kwangua mayai, kata kipande cha chini kilichokufa, kisha liweke karantini, tangi lake peke yake. Baada ya siku chache unakagua tena, unachovya tena, wiki kadhaa, maana mayai yataanguliwa. Na ungeanza na karantini siku ya kununua, huyo mdudu asingeingia kwako. Hakutembea kutoka baharini. Wewe ndiye uliyembeba.

"Lakini karantini ni gharama, dawa ni haraka." Haraka ya kwenda wapi? Kule Great Barrier Reef ya Australia, miamba ya zaidi ya kilomita 2,000, kuna kiti cha pweza mwenye miiba anayekula matumbawe. Hawamwagi sumu baharini. Mpiga mbizi anamdunga sindano mmoja mmoja, na dawa yenyewe inatokana na nyongo ya ng'ombe. Naam, nyongo, ile inayomwagwa kichinjioni. Kama wao wana subira na bahari nzima, wewe una tangi la lita mia mbili na unakimbizwa na nani?

Hata huku kwetu, wale nungunungu wa baharini mnaowakanyaga Diani wakizidi wanaitafuna miamba. Wanaowapunguza ni samaki kama kikande, na mahali samaki hao walipovuliwa kupita kiasi, nungunungu walijaa. Dawa iliyofanya kazi ni kumwacha kikande aishi, kama katika hifadhi za Malindi na Watamu zilizotengwa tangu 1968. Ukimwaga sumu kwenye tangi lako, unaua kikande wako pia.

Tumbawe si ua la plastiki. Ni mnyama, anakua polepole kwa miaka, na yale magumu hayavushwi mpaka kihalali bila kibali cha CITES. Kama huna subira ya kukaa na tochi usiku, nunua picha ya samaki uitundike ukutani. Hiyo haina wadudu.

Wapinzani, komenti iko wazi. Ila njooni na picha ya mdudu, si picha ya chupa.