Karte iliungua vitani, sasa mama huyu tumnyime na sim?

Leo sileti habari ya mkutano wala ya ziara ya mkubwa. Leo ninalalamika.

Jumatatu asubuhi, kandokando ya soko, nilimkuta mama mmoja amesimama mbele ya meza ya kijana muuza unite. Ametoka upande wa Kabambare, alikimbia risasi na watoto wake. Mkononi ana simu ndogo ya vitufe, nzima kabisa, moto imejaa. Alitaka sim tu, ili kaka yake aliye Kalemie amtumie pesa kidogo. Kijana akamwomba karte ya uchaguzi. Mama akajibu: karte ilibaki ndani ya nyumba, na nyumba ilichomwa. Kijana akatazama kulia na kushoto, akashusha sauti: "Mama, iko ingine hapa, imeshaandikishwa kwa jina la mtu. Utaongeza kidogo tu." Mama akaongeza.

Hiyo ndiyo kanuni yetu ya kutambulisha wenye simu, jinsi inavyofanya kazi barabarani. Imewekwa ili pasiwe na namba isiyo na mwenyewe. Matokeo yake ni namba yenye mwenyewe wa uongo. Mimi nauliza: kati ya hizo mbili, mbaya zaidi ni ipi?

Pale redioni, kwenye chumba cha fundi, kuna modemu ya zamani, ile ya kupiga kwa waya wa simu, inayolia kama jogoo aliyekabwa shingo. Fundi wetu ni mzee, hataki itupwe. Siku moja alinieleza kwamba mashine ile isingeweza kuingia kwenye rezo ya nchi yoyote bila kutii masharti ya pale. Nchi hii inataka ipige kwa mlio, ile kwa mapigo. Penginepo, ikipiga mara kadhaa bila kupokelewa, ni lazima isubiri kwanza, isije ikawazibia wengine njia. Masharti yalikuwa mengi na makali. Lakini nani aliyebeba kazi hiyo? Kiwanda! Mnunuzi alichagua jina la nchi yake kwenye orodha, mashine ikajipanga yenyewe. Huko Uingereza walibandika duara la kijani kwenye mashine iliyoruhusiwa, na pembetatu nyekundu kwenye iliyokatazwa. Mteja aliona rangi, akajua.

Sisemi kwamba zamani ilikuwa nzuri. Hapa Kindu wengi wa umri wangu hatukuwahi kuusikia waya wa simu ukilia. Wazazi wetu walipanga mstari kwenye fonii, wakatangaza misiba na siri za nyumba zao mbele ya watu wote waliongoja zamu. Nasema tu kwamba masharti ya rezo yalikuwa kati ya serikali na mwenye kiwanda. Sisi tumeyageuza: mzigo wote uko kichwani mwa yule wa mwisho, asiye na kitu.

Na si mara ya kwanza. Mnakumbuka RAM? Septemba 2020 ARPTC, mamlaka inayosimamia posta na mawasiliano nchini, ilianza kuandikisha kila simu kwa IMEI yake, ile namba ya tarakimu 15 unayoiona ukipiga *#06#. Walisema ni kwa kupambana na simu za wizi na za bandia. Jambo zuri. Simu bandia ziliingia kwa mpaka na kwa uwanja wa ndege, kwa makarton, chini ya macho ya watu wanaolipwa mshahara kwa kuzikagua. Lakini aliyelipishwa ni aliyenunua simu sokoni: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa ya 3G au 4G, na pesa hiyo ilichotwa moja kwa moja kwenye unite. Unaweka unite umpigie mgonjwa wako, unakuta zimekwenda. Wabunge walimhoji waziri mwaka 2021, watu walipiga kelele nchi nzima, na mwanzoni mwa 2022 RAM ikaondolewa.

RAM ilikufa, fikra yake ingali hai. Sasa imevaa nguo ya karte.

Tuitazame basi karte yenyewe. Nchi yetu imekaa miaka mingi bila karte ya raia, tukitumia ya uchaguzi kwa kila kitu. Zile za 2023, mnajua wenyewe, maandishi yalianza kufutika hata kabla ya kupiga kura. Karte mpya ya raia ilizinduliwa kule Kinshasa Juni 2023, lakini mimi binafsi sijaiona mkononi mwa mhami hata mmoja. Kumbe tunamdai mama huyu kitu ambacho Leta yenyewe imeshindwa kumpa! Utasikia: aende achukue karatasi ya kupotelewa na karte. Sawa, na karatasi hiyo ataipata kwa pesa gani, wakati pesa yenyewe inangoja aipate sim?

Watu wa usalama watanijibu kwamba wateka nyara na wenye silaha hutumia namba zisizojulikana. Ni kweli, siwapingi, nimesoma habari hizo mwenyewe kwenye maikrofoni. Lakini mwenye silaha hakosi sim. Ananunua kwenye meza ileile, kwa bei ileile ya kuongeza kidogo. Anayekwama ni yule anayeogopa kudanganya.

Nitakalo si kubwa. Shefu wa kartie anawajua wahami wake, anajua nani analala kwa nani. Karatasi yake, picha ya mama iliyopigwa palepale dukani, na mashahidi wawili: kampuni imwandikishe kwa jina lake la kweli kwa miezi sita, bila malipo, mpaka apate karte. ARPTC iandike agizo hilo, na makampuni yaliyojaa matangazo yao kwenye kuta za Kasuku, Mikelenge na Alunguli yalitekeleze. Na waheshimiwa wabunge wa Maniema, ile njia ambayo Bunge lilitumia kumhoji waziri juu ya RAM haijafungwa.

Jana mama yule alinitafuta pale redioni. Kaka yake alituma pesa Jumatano. Namba imekatika tangu Jumatano hiyohiyo, na kijana wa meza amehama soko. Nilimpeleka kwenye duka la kampuni ile. Walimpokea vizuri, wakampa na kiti. Wakafungua kompyuta, wakamwambia pesa ipo, lakini ili waifungue namba ni lazima aje mwenyewe, mwanamume fulani ambaye yeye mama hajawahi kumwona.